Kuirudisha Uhuru Angani: shajara ya mradi wa kuigiza obiti

12 Desemba

Mradi unaanza leo, Sikukuu ya Jamhuri, na tarehe nimeichagua makusudi. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, imebeba setilaiti ya takriban kilo 140. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kutafuta miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Kwenye makaratasi ya NASA iliitwa SAS-1. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo, akaipa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya kujitawala.

Ninachotaka kutengeneza ni programu ndogo inayoirudisha Uhuru kwenye njia yake. Iwe nyepesi, ifanye kazi kwenye laptopu kuukuu za klabu yetu ya sayansi, na mwanafunzi aweze kuifungua, abadilishe namba, aone kinachotokea. Kuna sharti moja tu. Sitaki duara lililochorwa tayari na nukta inayotembezwa juu yake. Video za namna hiyo zimejaa, na hazimfundishi mtu chochote, maana nukta inafuata duara kwa kuwa imeamriwa ifuate. Humu ndani tutaweka nukta, kasi yake, na Dunia inayoivuta, basi. Obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia, ikitokea, itokee yenyewe.

Namba za mtihani tunazo. Uhuru ilizunguka kama kilomita 550 juu ya ardhi, mzunguko mmoja kwa dakika 96 hivi, na njia yake iliinama nyuzi 3 tu kutoka kwenye ikweta. Programu haitaambiwa habari ya dakika 96. Ikizitoa yenyewe, imefaulu.

15 Desemba

Shule zimefungwa, lakini wanaokaa karibu wamekuja. Kabla ya kugusa kompyuta nimetaka tumalize hesabu za ubaoni. Nikauliza: kwa nini setilaiti haianguki? Jibu likaja mbio: "Mwalimu, huko juu hakuna mvutano."

Jibu hili nimelisikia kwa wanafunzi, kwa walimu wenzangu na kwa watu wazima wenye shahada zao. Nadhani linatokana na picha za wanaanga wanaoelea. Basi tukapiga hesabu. Uvutano hupungua kwa mraba wa umbali, lakini umbali huo unapimwa kutoka kitovu cha Dunia, si kutoka kwenye mchanga wa ufukweni. Kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378. Ongeza 550, unapata 6,928. Umbali haujazidi hata kwa asilimia 9. Kitu kinachodondoka huku chini kila sekunde huongeza kasi yake kwa mita 9.8 kwa sekunde. Kule kwa Uhuru ni mita 8.3. Mvutano uliobaki ni kama asilimia 85 ya huu tunaoujua.

Kwa hiyo Uhuru ilikuwa inaanguka, tangu dakika roketi ilipoiachia. Swali likawa: mbona haifiki chini?

Tukaugawa ubao sehemu mbili. Upande wa kushoto tukahesabu Uhuru inaanguka kiasi gani katika sekunde moja: nusu ya 8.3, yaani mita 4.15. Upande wa kulia tukachukua mwendo wake wa pembeni, mita 7,585 kwa sekunde. Ukiondoka kwenye duara la nusukipenyo cha kilomita 6,928 na kwenda moja kwa moja mita 7,585, duara linakuwa limepinda na kukuacha juu kwa umbali fulani. Mraba wa 7.585, gawa kwa mara mbili ya 6,928. Jibu ni kilomita 0.00415. Mita 4.15.

Kijana aliyekuwa anaandika upande wa kulia aligeuka akatazama wa kushoto, akarudi kuhesabu upya. Setilaiti inaanguka mita nne na kitu, na njia inapinda mita nne na kitu ileile. Kila sekunde hivyo hivyo. Ndiyo maana umbali wake kutoka ardhini haubadiliki ingawa haiachi kuanguka. Na wanaanga wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, kwa kasi moja, hivyo sakafu haipati nafasi ya kuwasukuma miguu.

Tukafanya na mwezi, maana ndio uliomfikisha Newton alikofika. Mwezi uko mbali mara 60 ya nusukipenyo cha Dunia. Sitini mara sitini ni 3,600. Embe likikatika mtini huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Gawa kwa 3,600 unapata milimita 1.36. Sasa njia ya pili, bila kumgusa Newton: mwezi uko kilomita 384,400 kutoka hapa na huzunguka kwa siku 27.3. Piga hesabu ya jinsi njia yake inavyopinda kila sekunde. Milimita 1.36. Newton alianza kuipima hesabu hii akiwa kijana, miaka ya 1660, na akaichapisha na mengine mengi mwaka 1687. Kabla yake ilidhaniwa kwamba mbingu zina kanuni zake na mashamba yana zake. Embe na mwezi vimetoa jibu moja.

"Milimita moja kila sekunde," akasema mmoja, "si siku moja utatufikia?" Mwenzake akamjibu kabla yangu kwamba katika sekunde hiyohiyo mwezi umeshakwenda kilomita moja pembeni. Nikanyamaza nikanywa chai yangu.

20 Desemba

Toleo la kwanza linafanya kazi, kwa lugha ya kompyuta ya Python, na vigezo vyote nimevipa majina ya Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Kiini chake ni mistari miwili inayorudiwa maelfu ya mara:

mahali_mpya = mahali + kasi * hatua
kasi_mpya = kasi + mvuto(mahali) * hatua

Hatua ni kipande cha muda. Nimeanza na sekunde 10. Mvuto ni namba moja, 398,600, ukigawanya kwa mraba wa umbali, ukielekea kitovuni. Namba hiyo ndiyo uzito wa Dunia uliokwisha kuzidishwa na kipimo cha uvutano wenyewe. Hakuna kingine.

Nilichagua njia hii, ya mwanahisabati Euler, nikijua itatuletea nini, kwa sababu nataka wauone ugonjwa kabla ya dawa. Nukta ikaondoka vizuri, ikapinda, ikazunguka Dunia, na iliporudi ilikotoka ilikuwa zaidi ya kilomita 800 juu ya pale ilipoanzia. Mzunguko wa pili ikapanda tena. Baada ya muda skrini ilikuwa na mstari unaojizungusha kwenda nje, na Uhuru yetu inaiaga Dunia. Tukapunguza hatua hadi sekunde moja. Bado ilipanda kama kilomita 90 kwa mzunguko, na laptopu ikaanza kupumua kwa nguvu.

Nimewaachia swali waende nalo Krismasi: nani anaipa setilaiti hii nguvu za bure?

22 Desemba

Stima imepotea tangu jana mchana. Hakuna kazi.

3 Januari

Swali limejibiwa, na aliyelijibu ni binti wa kidato cha pili ambaye huwa hasemi. Alichora kwa mkono hatua tatu za programu kwenye daftari la miraba. Kila hatua nukta inakwenda moja kwa moja kwa kasi ya zamani, kwa hiyo kila mara inatokeza nje ya duara kidogo. Mvuto unaokuja kuirudisha nao umepimwa mahali pa zamani. "Mwalimu, inachelewa kila mara, na kuchelewa kwake ni kwa upande mmoja tu." Hivyo hasa. Ingekuwa inachelewa leo na kuwahi kesho, visingejumlishana.

Dawa yake inashangaza kwa udogo:

kasi = kasi + mvuto(mahali) * hatua
mahali = mahali + kasi * hatua

Kasi inarekebishwa kwanza, kisha nukta inasogezwa kwa kasi mpya badala ya ile ya zamani. Hakuna hesabu iliyoongezwa, hakuna mstari uliozidi. Hatua tumeirudisha sekunde 10. Nukta imezunguka mara ya kwanza, ya pili, tukaenda kula, tukarudi, bado iko kwenye mstari wake.

Nimetumia mchana mzima kueleza kwa nini, na naona ulistahili. Ukiunganisha kitovu cha Dunia na nukta mbili zinazofuatana, unapata pembetatu nyembamba. Kwa mpangilio huu mpya, eneo la kila pembetatu ni sawasawa na la iliyotangulia, si kwa kukaribia bali kamili, hata hatua ikiwa ndefu kiasi gani, kwa sababu msukumo wote unaelekea kitovuni na msukumo wa kuelekea kitovuni hauwezi kubadilisha eneo hilo. Johannes Kepler alikwisha kuona kitu hiki mwaka 1609 kwa sayari ya Mirihi: mstari unaotoka kwenye Jua hadi kwenye sayari hufagia maeneo sawa kwa muda sawa. Newton alipotaka kuithibitisha alichora picha ileile ya binti wetu: kitu kinakwenda moja kwa moja kwa muda mfupi, kinapigwa msukumo kuelekea kitovu, kinakwenda tena, kinapigwa tena. Yaani mistari yetu miwili ya Python imo ndani ya mchoro wa karne ya 17. Wanaosema hesabu za kompyuta ni mambo mapya ningewaonyesha ukurasa ule.

5 Januari

Mtihani. Tumeiweka Uhuru kilomita 550 juu, tukaipa mita 7,585 kwa sekunde kuelekea mashariki, tukaiambia programu ipige saa kila nukta inaporudi ilikoanzia. Dakika 95.7.

Baada ya hapo nikawaachia wachezee. Jaribio la kwanza lilikuwa uzito. Tumebadilisha kilo 140 kuwa tani 420, uzito wa kituo cha kimataifa cha anga. Hakuna kilichobadilika hata kidogo. Dunia inakivuta kizito kwa nguvu zaidi, lakini kizito nacho ni kigumu kusukuma kwa kiasi hichohicho, vinafutana. Kituo cha kimataifa kinamaliza mzunguko kwa takriban dakika 93 kwa sababu kiko chini zaidi, kilomita 400 hivi, wala si kwa sababu ya uzito wake. Mwanafunzi mmoja ameshauri tuufute uzito wa setilaiti kwenye programu kabisa. Tumeufuta.

Jaribio la pili ni kasi, na hapa ndipo nilipojifunza mimi mwenyewe. Nilijua kwamba ukipunguza kasi setilaiti inashuka. Sikuwa nimewahi kukaa nikaona ni kidogo kiasi gani kinatosha. Tukipunguza mita 100 kwa sekunde kutoka 7,585, njia inakuwa duaradufu inayozama upande wa pili wa Dunia na kupanda tena. Tukipunguza 130, inakwangua hewa nzito kwenye kilomita 100. Tukipunguza 160, inapiga bahari. Asilimia 2 tu ya kasi, na safari imekwisha. Ndiyo maana chombo cha wanaanga kinachorudi nyumbani huwasha injini kwa dakika chache tu; kazi nyingine yote inafanywa na mvutano na hewa.

Kwa upande wa kuongeza, tuliipa kilomita 9 kwa sekunde. Ikapanda hadi kama kilomita 10,000 juu ya ardhi, ikipoteza kasi njiani, ikageuka, ikarudi palepale ilipoanzia ikiwa na kilomita 9 zake kamili. Saa tatu na nusu kwa mzunguko. Kuanzia kilomita 10.73 kwa sekunde hairudi tena. Kijana mmoja alitaka kuikamata namba hiyo kwa kubahatisha, akiongeza kidogo kidogo, na kila alipoikaribia setilaiti ilikawia zaidi kurudi, mpaka laptopu ikawa inasubiri miezi ya kubuni. Nikamwonyesha: ni kasi ya duara mara kipeuo cha pili cha 2. Alikasirika kidogo kwamba nilikuwa nalijua jibu muda wote.

11 Januari

Sayari zimeingia bila taabu. Unabadilisha namba moja, ya Dunia unaweka ya Jua, na umbali unaandika kwa mamilioni ya kilomita. Dunia yenyewe inakwenda karibu kilomita 30 kwa sekunde, Mshtarii 13. Mshtarii uko mbali mara 5.2 kuliko sisi; 5.2 zidisha yenyewe mara tatu ni 140.6. Mwaka wake ni 11.86 ya miaka yetu. Mraba wake ni 140.7. Mchemraba wa umbali ni sawa na mraba wa mwaka. Tumejaza jedwali la sayari zote na linakubali kote. Sina zaidi ya kusema hapa, isipokuwa kwamba rangi ya Zohali imeleta ugomvi mkubwa kuliko hesabu zake.

18 Januari

Tumehama kutoka kwenye karatasi bapa kwenda kwenye Dunia ya mviringo, na Jumamosi tukaenda Ngomeni kwa matatu kutazama mahali penyewe. Majukwaa yako mbali kidogo baharini. Wataliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, walirusha setilaiti kutoka hapo kuanzia 1967 hadi 1988. Mzee mmoja wa pale, mvuvi, aliwaambia watoto kwamba enzi hizo siku ya roketi wavuvi walikatazwa kutoka. "Basi babu, hukwenda kuvua?" "Nilikaa nikala ugali na mchicha, mjukuu wangu."

Swali la siku lilikuwa hili: kwa nini nyuzi 3? Kama walitaka njia ya ikweta, kwa nini hawakuipitisha kwenye ikweta barabara?

Jibu liko kwenye mvutano wenyewe. Dunia inavuta kuelekea kitovu chake. Kwa hiyo bapa la obiti, hata ukiinamisha vipi, lazima lipite kitovuni. Huwezi kuwa na setilaiti inayozunguka juu ya mstari wa Mombasa siku zote, nyuzi 4 kusini, kwa sababu mvuto ungeiburuta kaskazini mpaka ivuke ikweta na kutokea upande wa pili. Sasa, Ngomeni iko karibu nyuzi 3 kusini. Ukirusha roketi mashariki moja kwa moja kutoka hapo, umekwisha kuichagua njia: nyuzi 3 kusini, ikweta, nyuzi 3 kaskazini, ikweta, unarudi. Ukitaka sufuri kamili lazima uchome mafuta ya ziada huko juu. Mwinamo wa Uhuru ni anwani ya Ngomeni iliyoandikwa angani.

Faida mbili za mahali hapa nimewaeleza palepale ufukweni. Ya kwanza, Dunia inajizungusha, na Ngomeni inakwenda mashariki kwa mita 464 kwa sekunde bila mtu kulipia. Cape Canaveral, kituo cha roketi cha Marekani kilicho nyuzi 28.5 kaskazini, inapata 409. Scout ilikuwa roketi ndogo, kila mita ilikuwa na thamani. Ya pili ni ya Uhuru peke yake. Juu ya Atlantiki ya kusini ukanda wa chembechembe zenye nguvu unaoizunguka Dunia unashuka chini sana, na vihesabio vya eksirei vingejaa makelele kila vikipita. Njia inayoshikana na ikweta inaukwepa.

Kwenye programu nimeongeza ramani, na nukta inaacha alama inapopita. Sikutarajia wangeifurahia hivi. Uhuru ilipita juu ya Kisangani, Goma, Kigali, Kampala, Kisumu, Nairobi, Lamu, kila mzunguko kwa mstari wake tofauti kidogo. Kutoka mstari wa Kisangani hadi wa Lamu, magharibi hadi mashariki, ni dakika nne na nusu. Mombasa haikupitiwa utosini hata mara moja, na wana wa Mombasa waliomo klabuni wameipokea habari hii vibaya.

26 Januari

Dunia si mviringo kamili. Kitovu hadi ikweta ni kilomita 6,378, kitovu hadi ncha ni 6,357. Kilomita 21 za tumbo. Nimeliingiza tumbo hilo kwenye hesabu ya mvuto, mistari mitano ya ziada, nikitarajia mabadiliko madogo. Bapa lote la obiti likaanza kugeuka kuelekea magharibi, karibu nyuzi 7.4 kwa siku. Baada ya kama siku 48 limezunguka lote na kurudi lilikoanzia, mwinamo wake wa nyuzi 3 ukiwa vilevile.

Hili limewavutia walio wakubwa, kwa hiyo tukaweka na Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California. Hiyo inapita karibu na ncha, na imeinama kuzidi nyuzi 90 kidogo, kwa hiyo tumbo la Dunia linaligeuza bapa lake kwa upande wa pili, mashariki, na taratibu: karibu uzi mmoja kwa siku. Jua nalo, tukilitazama kutoka hapa, linasogea mashariki kati ya nyota karibu uzi mmoja kwa siku. Wahandisi wamechagua mwinamo na urefu ili viwiane. Matokeo yake setilaiti inapita juu ya shamba saa ileile ya mchana kila mara, vivuli havibadiliki sana, na picha ya mwezi huu unaweza kuilinganisha na ya mwezi uliopita. Kasoro ya umbo la Dunia imegeuzwa kuwa saa ya ukutani.

2 Februari

Leo tumeiangusha Uhuru.

Iliacha kufanya kazi Machi 1973, lakini iliendelea kuzunguka ikiwa imekufa hadi tarehe 5 Aprili 1979 ilipoingia kwenye hewa nzito na kuungua. Kwenye kilomita 550 hewa ipo, nyembamba mno, na kwa mwendo ule hata nyembamba inakwangua. Sikujaribu kuiga hewa ya kweli ya miaka ile, kwa sababu inavimba na kusinyaa kwa kufuata hasira za Jua. Mwaka 1979 Jua lilikuwa linapanda kuelekea kilele chake, hewa ya juu ikatanuka, na ndio mwaka huohuo kituo cha anga cha Skylab nacho kilianguka, mwezi wa Julai, vipande vikatua Australia Magharibi. Nimeweka msuguano mkubwa kuliko wa kweli ili tusikae hapa miaka minane.

Kabla ya kuwasha nikawauliza: hewa inapoikwangua setilaiti, kasi yake itapungua au itaongezeka? Wote: itapungua. Nikawasha. Pembeni ya skrini kuna namba mbili, urefu na kasi. Urefu 550, kasi 7,585. Urefu 500. Kasi 7,613. Urefu 400, kasi 7,669. Urefu 300, kasi 7,726.

Kelele zilizotoka hapo zilimleta mlinzi wa shule mlangoni.

Wengine walidhani alama ya msuguano imegeuzwa kwenye msimbo. Tukaisoma pamoja, iko sawa: msuguano unasukuma nyuma. Lakini kinachosukumwa nyuma kinashuka, na kinaposhuka mvutano unakiongezea kasi, mara mbili ya ile iliyoibiwa na hewa. Nusu ya faida inakwenda na hewa kama joto, nusu inabaki kama mwendo. Setilaiti inayopoteza nguvu inakwenda kasi zaidi, na chini zaidi, ambako hewa ni nzito zaidi. Ndiyo maana mwisho wake huwa wa ghafla: miaka inapita ikishuka polepole, halafu siku chache za mwisho inakwisha.

14 Februari

Sehemu hii haikuwa kwenye mpango. Imeletwa na swali: "Mwalimu, sasa hiyo Uhuru huko juu ilikuwa inatazama nini?"

Ilikuwa inatazama obiti nyingine. Mwaka 1971 iliona kwamba nyota inayoitwa Centaurus X-3 inapiga mapigo ya eksirei kila sekunde 4.8. Mapigo hayo yalikuwa yanakaribiana, kisha yanaachana, kisha yanakaribiana tena, kila siku 2.1, na katika kila duru kuna saa kadhaa yanazimika kabisa. Kitu kinachopiga kilikuwa kinatukaribia na kutuacha, na kupita nyuma ya kitu kikubwa. Nyota ndogo inaizunguka nyota kubwa.

Programu yetu hadi sasa ilikuwa imeipigilia Dunia misumari katikati. Kwa Uhuru si neno, kilo 140 haziitikisi Dunia. Kwa nyota mbili haifai, kwa hiyo nimeandika upya sehemu ya mvuto ili kila kimoja kimvute mwenzake. Sasa vyote viwili vinazunguka nukta iliyo kati yao, kizito kwenye duara dogo, chepesi kwenye kubwa. Jua letu hufanya hivyo pia kwa sababu ya Mshtarii, na mwezi unaitikisa Dunia vilevile.

Tukaweka Cygnus X-1, chanzo cha eksirei maarufu kuliko vyote. Uhuru iliiona ikimetameta haraka mno kuwa nyota ya kawaida. Wanaastronomia wa redio wakasaidia kupata mahali pake hasa, na pale pakawa na nyota kubwa ya buluu. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, wakapima nuru ya nyota hiyo na kuona inakwenda na kurudi kila siku 5.6. Inazunguka kitu. Mahali pa kitu hicho hapaonekani nyota yoyote.

Hapo ndipo hesabu ya ubaoni ya Desemba inaporudi na meno. Ukijua muda wa mzunguko na umbali, unajua uzito wa kinachovuta, hata kama hukioni. Vipimo vya 2021 vinasema nyota ya buluu ina uzito wa kama Majua 41 na mwenzake asiyeonekana kama Majua 21. Tumeziweka namba hizo, tukaiambia programu mzunguko ni siku 5.6, itafute umbali. Kilomita milioni 36.5. Utaridi iko mbali zaidi na Jua, milioni 58. Kitu chenye uzito wa Majua 21, hakina nuru yake, na kinatosha kwenye nafasi hiyo ndogo: hakijapatikana kingine cha kukieleza ila shimo jeusi, kitu chenye mvuto ambao hata nuru haiwezi kuuponyoka.

Tukapima mwendo wa nyota ya buluu kwenye skrini: kilomita 160 kwa sekunde. Wanaastronomia wanaona 75 hivi. Palikuwa na kimya, mpaka mmoja akakumbuka mwinamo. Njia ile tunaitazama karibu kutoka juu, imeinama nyuzi 27 na nusu tu, na nuru inatuonyesha sehemu ya mwendo inayoelekea kwetu peke yake. Zidisha 160 kwa saini (sine) ya nyuzi 27.5. Inatoka 74. Na hapo sikuwa nimewasaidia.

20 Februari

Hali ya mradi: toleo linalotumika ni uhuru_08, liko kwenye flashi ya klabu na kwenye laptopu tatu. Lina kurasa nne: Uhuru na ramani yake, mwezi na sayari, kuanguka kwa 1979, na nyota pacha. Maelezo yote ni ya Kiswahili, isipokuwa ujumbe wa makosa wa Python wenyewe, ambao sina la kuufanya.

Yaliyobaki kabla ya maonyesho ya shule: kitufe cha kusimamisha, kwa sababu watu wanataka kusoma namba nukta ikiwa imetulia, hatua ya muda ijipunguze yenyewe vitu viwili vinapokaribiana sana, maana sasa hivi nyota zikipishana kwa karibu moja hurushwa nje ya skrini, na miezi minne ya Mshtarii, ambayo kidato cha pili wameomba ili wailinganishe na wanayoiona kwa darubini ya kuazima. Kuhusu rangi ya Zohali, kura itapigwa Ijumaa.